Mpira mzito, watu wawili: jinsi ya kukaza kiwiliwili cha mchezaji

Nilikuwa na winga mmoja wa raga hapa Kisumu, kijana mwepesi wa miguu, aliyekuwa akipiga sitapu mia moja huku wenzake wamelala chini wakihema. Tumbo lake lilikuwa limejigawa vipande utadhani limechongwa. Siku ya mechi beki wa upande wa pili alimgusa begani tu, wala hakumkaba, naye akaenda chini kama mgomba. Ilitokea mara tatu katika kipindi kimoja. Jioni ile nilikaa nikijiuliza tumbo lile lote lilikuwa na kazi gani.

Jibu nililipata polepole, na ndilo lililonifanya nianze kutumia mpira mzito, ule ambao wengi huuita medisini boli. Sitapu humfundisha mtu kujikunja, na uwanjani hakuna anayekuomba ujikunje. Unatakiwa usimame wakati mtu anakusukuma, ugeuke bila kupinda, ufunge breki ukiwa mbioni, na uitoe nguvu miguuni uifikishe mkononi bila kuimwaga njiani. Kazi hiyo hufanywa na kiwiliwili kizima: misuli ya tumbo mbele na pembeni, mgongo wa chini, matako, na kile kiwambo cha kupumulia kilicho chini ya mbavu. Mpira mzito kutoka kwa mwenzako huifunza misuli hiyo yote kwa pamoja, hasa pale unapoupokea. Wachezaji wengi huutupa kwa fujo na kuudaka kwa uzembe, kisha wanashangaa mbona hawaoni tofauti.

Anayetaka kuona nguvu ikisafiri mwilini na amtazame Julius Yego, mwana wa Nandi, akirusha mkuki. Mwaka 2015 alipochukua dhahabu ya dunia jijini Beijing kwa mita 92.72, mkuki wenyewe ulikuwa na gramu 800 tu. Kitu chepesi hivyo hakifiki huko kwa nguvu za mkono. Mguu wa mbele hukita chini na kukaza, nyonga ikatangulia, kifua kikafuata, kisha bega, na mkono ukaja mwisho kabisa kama ncha ya mjeledi. Kiwiliwili kikilegea katikati ya safari hiyo, nguvu inaishia tumboni.

Niliyoandika hapa ni kwa makocha wa vijana na kwa wachezaji wenyewe, wa raga, soka, mpira wa pete, voliboli na mikuki, ambao hawana jimu wala pesa ya jimu. Mnahitaji mpira mmoja, watu wawili, na nafasi ya hatua kumi hivi.

Kuupata mpira

Wa dukani ni mzuri ukiwa na uwezo. Kama huna, utengeneze, lakini utengeneze vizuri. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuuchana mpira wa soka na kuujaza mchanga mtupu hadi pomoni. Mpira wa saizi 5 ukijazwa hivyo unakaribia kilo nane. Hakuna kijana wa sekondari atakayeutupa kwa kasi, na akiudaka vibaya atateguka kidole. Ukiujaza nusu nao, mchanga unakimbia huku na huku ndani, hujui utakuangukia mkononi ukiwa na uzito upande gani.

Sisi tunafanya hivi. Tunatafuta mpira mkuukuu ambao haushiki tena upepo. Pale soko la Kibuye haukosi. Fundi wa viatu anafumua mshono kiasi cha vidole vinne na kutoa mpira wa ndani. Mchanga tunauchekecha, tunauanika juu ya gunia siku mbili za jua kali mpaka ukishikwa hauachi unyevu kiganjani, kisha tunaupima kwenye mizani ya duka. Kwa mpira wa kilo 3, mchanga wa kilo mbili na robo unatosha, kwa sababu ganda na vijazio vingine vitaleta salio.

Chukua soksi mbili ndefu za kuchezea, uvalishe moja ndani ya nyingine, uzipenyeze kwenye ule mpasuko zikiwa tupu, ndipo uumimine mchanga kwa shingo ya chupa ya maji iliyokatwa. Funga fundo gumu. Hapo sasa zungushia pumba za mpunga, zile zinazotupwa kwenye vinu vya Ahero, ukichanganya na matambara, huku ukishindilia kwa mpini wa mwiko. Shindilia kweli kweli, na usiache kona yoyote tupu, maana soksi ya mchanga ni lazima ibanwe katikati isiweze kusogea. Fundi ashone kwa uzi wa nailoni, mara mbili. Pima tena, andika uzito kwa rangi juu ya ganda.

Mpira huu haudundi, na haukuumbwa kubamizwa kwenye sementi. Mazoezi ya kuubamiza chini mnayoyaona kwenye simu yaacheni, au myafanye na mpira wa dukani.

Uzito? Kwa miaka 13 hadi 15, kilo 1 hadi 2. Kwa 16 hadi 18, kilo 2 hadi 3. Watu wazima waliozoea, 3 hadi 5. Vijana wa kiume hasa hupenda kukimbilia mzito zaidi ili waonekane. Wakumbushe kwamba Rais Herbert Hoover wa Marekani, alipokuwa Ikulu kuanzia 1929 hadi 1933, daktari wake Joel Boone alimtungia mchezo mzima wa kurushiana mpira mzito juu ya wavu, na mpira wenyewe ulikuwa wa ratili 6, yaani kama kilo 2.7. Kipimo changu ni rahisi: mpira ukianza kwenda polepole, au mtupaji akianza kuupinda mgongo ili autoe, ni mzito mno kwake. Mpe mwepesi.

Kabla ya kutupa chochote

Mshike mwenza mnayekaribiana urefu na nguvu. Kaka mkubwa na mdogo wake hawafai kuwa jozi moja, hata kama wamekuja pamoja kwenye boda boda moja.

Halafu kuna sheria ya sauti. Mtupaji anauliza, "Tayari?" Mpokeaji anajibu, "Lete!" Bila "Lete" mpira hautoki mkononi. Sheria hii niliinunua ghali. Nilikuwa na kipa wa kike, mzuri sana, tukafanya mazoezi asubuhi moja bila kuitana. Pikipiki ikapiga honi barabarani, akageuza uso, mpira ukamkuta mdomoni. Alishonwa nyuzi mbili. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile hata wachezaji waliokaa nami miaka mingi wanaitana kila mpira, mpaka wa mwisho.

Angalia pia mnaposimama. Udongo mweusi wa huku kwetu ukinyeshewa ni kama sabuni, na mazoezi ya kugeuka yanataka mguu uliokita. Kukiwa na matope hamia kwenye changarawe au baraza pana. Kisumu fanyeni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na kila mmoja awe na kitambaa cha kupangusa mikono, kwa sababu jasho hufanya mpira uteleze. Wenzetu wa Nakuru, walio juu karibu mita 1,850, asubuhi yao ina baridi na umande. Wao waongeze dakika tano za kupasha misuli na waufute mpira kabla ya kuanza.

Kupasha misuli ni dakika kumi: kukimbia taratibu, kuchuchumaa mara kumi na tano, hatua ndefu za kwenda mbele huku ukigeuza kifua kushoto na kulia, kuzungusha mabega. Wala msikae chini kujinyoosha muda mrefu.

Kisha jifunzeni kukaza, kwa kuwa bila hilo mengine yote ni kurushiana mzigo tu. Weka vidole vya mikono yote miwili ubavuni, kati ya mbavu na mfupa wa nyonga. Kohoa kidogo. Umesikia pale pamesukuma vidole kwenda nje? Shikilia hapo, kiasi, huku ukiendelea kupumua. Huko ndiko kukaza. Watu wengi wakiambiwa wakaze tumbo hulivuta ndani kama wanapigwa picha, na pumzi inakwama shingoni. Kiwiliwili kilichokazwa vizuri ni kama ngoma iliyowambwa: kimevutika pande zote, mbele, nyuma na pembeni.

Zoezi la kwanza: kusukumwa

Hapa mpira hautupwi kabisa, na ndiyo sababu naanza nalo kwa kila mtu, hata awe amecheza ligi kuu.

1. Simama, miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Shika mpira kwa mikono miwili mbele ya kifua, mikono imenyooka karibu kabisa.
2. Kaza. Mwenzako anasimama mbele yako, anaupiga mpira kwa kiganja: kulia, kushoto, juu, chini, bila mpangilio. Aanze polepole.
3. Kazi yako ni kuufanya mpira usisogee zaidi ya upana wa kiganja, na kitovu chako kiendelee kutazama mbele.
4. Sekunde 20, kisha mnabadilishana. Raundi tatu kila mmoja.

Anayesukuma ana kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Atazame kiuno cha mwenzake, asitazame mpira. Kiuno kikianza kucheza apunguze nguvu, na kikitulia aongeze. Yule winga wangu, siku ya kwanza ya zoezi hili, alizunguka kama mlango kila nilipougusa mpira, akaniambia, "Kocha, tumbo langu linatetemeka mahali nisipopajua." Hapo ndipo nilipojua tumepata tulichokuwa tukikitafuta. Baada ya wiki mbili mfanye asimame kwa mguu mmoja.

La pili: pasi ya kifuani, goti moja chini

Wote wawili piga goti moja, mkitazamana, umbali wa mita mbili hadi tatu. Goti lililo chini liwe juu ya kitambaa au nyasi. Tako la upande wa goti lililo chini likazwe, kwani hilo ndilo linalozuia mgongo kubonyea. Sukuma mpira kutoka kifuani moja kwa moja kwenda kwenye kifua cha mwenzako, ukitoa pumzi kwa "tss" fupi. Mara nane, badilisha goti, mara nane tena.

Ninalipenda kwa sababu miguu haiwezi kudanganya. Ukiwa umesimama unaweza kuficha udhaifu kwa kurudi hatua moja nyuma. Ukiwa umepiga goti, kiwiliwili kikilegea unayumba na kila mtu anaona.

Kudaka: nyoosha mikono kuuendea mpira, vidole vimefunguka, uuguse mapema, kisha uulete kifuani ukiupunguza kasi njiani, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Usiuache ukugonge kifua.

La tatu: kutupa kutoka ubavuni

Hili ndilo zoezi ambalo, kama nafasi ingekuwa ya moja tu, ningelichagua. Tena ndilo linaloharibiwa zaidi. Karibu kila mchezo una kugeuka ndani yake: pasi ya raga, shuti, mkuki, hata mkimbiaji anayekunja kona. Na karibu kila mtu, akiambiwa atupe mpira kwa kugeuka, hugeuza kiuno huku miguu imegandishwa chini. Pingili za kiunoni hazikuumbwa kuzunguka sana. Mzunguko mkubwa hutoka kwenye nyonga na kwenye sehemu ya mgongo iliyo nyuma ya kifua. Ukiigandisha nyonga, kiuno hulazimishwa kufanya kazi isiyo yake, na baada ya miezi utaanza kusikia wachezaji wakilalamika mgongo.

Basi fanyeni hivi:

1. Simameni sambamba, mkitazama upande mmoja, mita tatu kati yenu. Ubavu wako wa kushoto unamwelekea mwenzako.
2. Miguu pana kuliko mabega, magoti yamekunjika. Mpira uko mbele ya kitovu, viwiko vimekunjika kidogo.
3. Egemea mguu wa kulia, ulio mbali na mwenzako. Kaa ndani ya nyonga hiyo, utasikia tako la kulia likivutika. Mpira unafuata hadi usawa wa nyonga ya kulia, usipite hapo.
4. Sukuma ardhi kwa mguu wa kulia. Kisigino cha kulia kinyanyuke na kuzunguka, kama unakanyaga na kusaga kipande cha makaa. Nyonga inageuka kwanza. Mpira bado haujatoka.
5. Mguu wa kushoto unakaza na kuwa ukuta. Kifua kinafuata nyonga, mikono inafuata kifua, na mpira unatoka usawa wa kitovu kuelekea kitovu cha mwenzako.
6. Mwenzako anaudaka, anauacha umzungushe hadi kwenye nyonga yake ya mbali, anasimama pale kwa muda wa kusema "moja", kisha anaurudisha.

Mara nane kila upande, seti tatu, mkipumzika dakika moja hadi moja na nusu katikati.

Hatua ya sita ndiyo yenye dhahabu. Mpira unakuja na kasi, unataka kukuvuta uzunguke kama pia, nawe unaufungia breki kwa misuli ya pembeni ya tumbo na tako la upande ule. Ile breki ndiyo aliyokosa winga wangu alipoguswa begani. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo nawakataza kabisa kuurudisha mpira mara moja. Daka, funga breki, tulia, ndipo utupe. Kuanzia wiki ya tatu tunaondoa kile kituo, mpira unadakwa na kurudi papo hapo, na hapo kasi inakuwa ya mchezo wenyewe.

Namna ya kujua kama nyonga inatangulia: mwambie mtu wa tatu achore mstari kwa kidole cha mguu mbele ya vidole vya mtupaji. Mpira ukishatoka, goti na kitovu cha mtupaji vinapaswa kumtazama mwenzake. Kama kitovu bado kinatazama mstari na mabega tu ndiyo yamegeuka, ametupa kwa kiuno. Arudie polepole, bila mpira kwanza.

Kila mtu ana upande dhaifu, na kila mtu hujaribu kuukwepa. Anza nao.

La nne: kutoka juu ya kichwa

Wachezaji wa soka wanalijua tayari kwa rusha ya pembeni, na kwa warushaji mkuki ni ndugu wa kazi yao. Simama mguu mmoja mbele, mpira juu ya kichwa na nyuma kidogo. Hatari iko hapa: mpira ukienda nyuma, mbavu hufunguka mbele na mgongo wa chini hupinda kama upinde. Zifunge mbavu, yaani zivute kuelekea nyonga kabla hujanyanyua mpira, na uurudishe nyuma kadiri mbavu zinavyobaki zimefungwa, hata kama ni hadi kisogoni tu. Piga hatua, mguu wa mbele ukite, tupa. Mpira umpige mwenzako usawa wa kifua baada ya kudunda mara moja, au, kwa mpira wetu usiodunda, utue hatua moja mbele yake naye auokote. Mpira unaoshuka kutoka juu sikubali udakwe usoni. Mara sita, badilisha mguu, mara sita. Seti mbili zinatosha. Mwenye maumivu ya bega aliruke zoezi hili.

La tano: planki na kubingirisha

Wote wawili shukeni kwenye planki ya mikono, kama mnaoanza pushapu, mkitazamana, vichwa umbali wa mita moja. Miguu iwe mbalimbali kidogo. Bingirisha mpira kwa mkono wa kulia kwenda kwa mwenzako, naye auzuie kwa mkono wake, aubadilishe upande, aurudishe. Kila mkono unaponyanyuka nyonga inataka kuinama upande huo. Izuie. Tunaweka chupa ya maji juu ya kiuno cha kila mmoja, imelala, na chupa ikianguka hesabu inaanza upya. Vijana wanalipenda mno zoezi hili na watataka kulifanya siku nzima. Sekunde 30, mara tatu.

Mengine, kwa ufupi

Kupeana mpira mgongo kwa mgongo, mnageuka huyu kulia yule kushoto: ni zuri la kupashia misuli, polepole, visigino vikinyanyuka na kugeuka pamoja na mwili. Likifanywa kwa mashindano ya kasi ndilo lile lile la kuzungusha kiuno nililolisema juu. Kupeana juu ya kichwa na kati ya miguu nalo lifanyeni katika kupasha misuli, mara kumi basi.

Kuketi sakafuni miguu hewani na kupeleka mpira kulia na kushoto ni maarufu sana, na mimi nimeliacha. Mgongo unaviringika, na mchezaji anajifunza kukaa vibaya huku amechoka. Mkitaka zoezi la kuketi, ketini mkitazamana, nyayo chini, mgongo umenyooka na kuinama nyuma kidogo tu, mpeane pasi za kifuani bila kulala chini. Inatosha.

Kuyapanga katika wiki

Mara mbili kwa wiki, na angalau siku moja kamili ya kupumzika katikati. Kama mechi ni Jumamosi, sisi tunafanya Jumatatu jioni na Alhamisi asubuhi, na Alhamisi tunapunguza seti moja kila zoezi. Msimu wa mashindano ya wikendi nzima kama yale ya raga ya wachezaji saba, Dala hapa Kisumu au Prinsloo kule Nakuru, wiki ya mashindano tunabakiza kusukumwa na planki peke yake.

Mpangilio wa siku moja ni huu: kupasha misuli na kukaza, kisha kusukumwa raundi moja ili kuamsha mwili, kisha mazoezi ya kutupa mkiwa wabichi, ubavuni kwanza, juu ya kichwa baadaye, kisha goti moja, mwisho planki na raundi zilizobaki za kusukumwa. Kutupa kunataka kasi, na mtu aliyechoka hana kasi, kwa hiyo usikuweke mwisho baada ya kukimbia mizunguko ya uwanja. Yote huchukua kama dakika 35. Kwa vijana chini ya miaka 16, jumla ya mitupo isizidi 60 kwa siku, kwa hiyo wapunguzie seti.

Kuongeza nako kuna utaratibu. Wiki mbili za kwanza mnadaka na kutulia. Wiki ya tatu na ya nne mnarudisha papo hapo. Wiki ya tano na ya sita mnaongeza umbali kwa hatua moja, au mnasogea kwa miguu kabla ya kutupa, kama mchezo wenu unavyotaka. Uzito wa mpira ni kitu cha mwisho kuongezwa, na ni nusu kilo kwa wakati.

Uchovu na uchungu wa misuli siku inayofuata ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla si kawaida, wala maumivu ya mgongo yanayoteremka mguuni, au ganzi kwenye nyayo. Mchezaji huyo aache mazoezi na aonwe na daktari, asipewe dawa ya kupaka na kuambiwa ajikaze. Aliye na ngiri, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo miezi ya karibuni, au mjamzito, asianze mpaka daktari amruhusu. Nasema hivi kwa sababu wachezaji huficha. Waulize mmoja mmoja, kando, kabla ya siku ya kwanza.

Kupima

Siku ya kwanza, baada ya kupasha misuli, kila mchezaji atupe mpira kutoka ubavuni mbali awezavyo, mara tatu kila upande, bila kupiga hatua. Weka jiwe pale mpira unapotua mara ya kwanza, pima kwa futi kamba, andika mtupo bora wa kulia na wa kushoto kwenye daftari. Tofauti ya pande mbili ikizidi mita moja, upande dhaifu nauongezea seti moja kila siku ya mazoezi. Halafu mpime kwa kusukumwa: mpira mbele ya kifua, mguu mmoja, sekunde 20, na uhesabu mara ngapi mguu wa pili unagusa chini.

Rudieni baada ya wiki sita, mahali pale pale, saa ile ile. Ila kabla hamjaanza, peleka mpira kwenye mizani ya duka. Pumba hunyonya unyevu, na msimu wa mvua mpira wetu wa kilo 3 uliwahi kufika 3.4 bila mtu kujua. Vijana walitupa karibu zaidi kuliko mwanzo na nyuso zao zikaanguka, mpaka tulipoupima. Tuliufumua, tukauanika mchanga na matambara, tukabadilisha pumba, tukarudia Alhamisi iliyofuata.

Winga wangu alivuka jiwe lake la kwanza kwa mita moja na robo, upande wa kushoto, ule aliokuwa akiukwepa.